Jinsi Nilivyomvujishia Wafula Mtihani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe, amenishika ukosi wa sweta kama mtu anayemtoa paka jikoni. Nilikuwa Gredi ya Sita na kosa langu lilikuwa sauti. Asubuhi hiyo, kabla paredi haijaanza, nilichukua maikrofoni nikawatangazia wanafunzi wote, kwa sauti ya Mwalimu Mkuu pamoja na kile kikohozi chake, kwamba leo hakuna masomo, kila mtu arudi nyumbani akamsaidie mamake kazi. Gredi ya Kwanza walikuwa wameshafika langoni alipotokea.

"Unajua kuiga watu," aliniambia tukivuka uwanja. "Vizuri. Nakupeleka mahali hutapata wa kumchekesha."

Nawaandikia haya ninyi mliobaki hapo Kaloleni, mlio Gredi ya Tano na ya Sita, kwa sababu mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, nimeingia Gredi ya Kumi katika shule nyingine huko Donholm, na mgongo bado uko sawa, lakini miaka minne kazini ni miaka minne. Niliingia kama mfungwa wa wiki moja. Nilitoka nikiwa fundi, na kuna jambo nililolifanya ambalo hakuna mwalimu ataliandika kwenye ripoti yangu, kwa hivyo naliandika mwenyewe.

Kitengo, kwa wale ambao huwa mnapita mkiziba pua, ni lile darasa la nyuma ya vyoo vya wavulana. Ni darasa la watoto wenye mahitaji maalum. Wakati wangu walikuwa tisa, wa kwanza akiwa na miaka sita na wa mwisho kumi na nne. Bosi wa hapo alikuwa Madam wa Kitengo, mwanamke mwembamba aliyezungumza polepole hadi ukahisi umekosea kitu. Chini yake alikuwa Anti, aliyelisha, aliyeosha na aliyebadilisha nguo.

"Siku hizi mnatuletea wafungwa?" Anti alimuuliza Mwalimu Mkuu.

"Ni wa wiki moja tu," Mwalimu Mkuu alisema, na akaondoka haraka. Hakuwahi kukaa mle ndani zaidi ya dakika tatu. Nilimpima.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa beseni. Lilijaa vifuniko vya soda alivyookota Anti kwenye vibanda. Kazi yangu ilikuwa kuviosha kwa sabuni, kuvigonga kingo kwa jiwe mpaka visikate, kisha kuvikausha juani. Madam alinisomea sheria ya kitengo nikiwa nimechuchumaa hapo. Kifaa cha darasa hili, alisema, kisinunuliwe, kisikate, na kisimezeke. Hatukuwa na vya dukani na hakuna aliyekuwa anavileta, kwa hivyo kila kitu kilikuwa cha bure na kila kitu kilikuwa kimeanza maisha yake kama takataka.

Vifuniko vilikuwa vya kuainisha, yaani kuweka vyekundu na vyekundu, kijani na kijani. Pia vilikuwa vya kutumbukiza: unachukua mkebe wa maziwa ya unga, unatoboa mfuniko wake mwanya mwembamba, mtoto anasukuma kifuniko kimojakimoja mpaka kinaanguka ndani na kulia. Mlio huo ndio mshahara wake. Vibanio vya nguo tulibana kwenye kingo za katoni ili vidole vilivyolegea vipate nguvu. Chupa ya maji tulitia mafuta ya kupikia kidogo, rangi, na vipande vya karatasi ya peremende, tukaifunga kwa gundi. Mtoto aliyepandwa na hasira aliigeuza juu chini, akatazama vile vitu vikishuka, na mara nyingi hasira ilishuka navyo. Kulikuwa na ubao wa kugusa, kipande cha katoni kilichobandikwa gunia, sponji, msasa na karatasi ya mkate. Mimi nilidhani ni michezo. Madam alinirekebisha.

"Mchezo ni wako ukiutazama. Yeye anafanya kazi."

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia kila wiki hadi nikaweza kuliigiza kwa sauti yake. Mtoto akishaweza kifaa, kibadilishe. Ameainisha vifuniko, mpe mawe. Ameainisha mawe, mpe maharagwe, mpe soksi. La sivyo hajajua kuainisha. Amejua vifuniko vyako tu. Hilo aliliita kuhamisha ujuzi. Mimi nililiita kuongezewa kazi.

Wiki iliisha. Jumatatu nikajipeleka mwenyewe saa ya chakula cha mchana.

"Umefanya kosa gani tena?" Anti aliuliza.

"Sijafanya."

"Basi fanya moja, tupate cha kuandika."

Nilirudi kwa sababu ya Wafula, ingawa wakati huo ningekataa. Wafula alikuwa na miaka minane na alikuwa bosi wangu wa tatu, mkali kuliko wote. Alikuwa na usonji. Madam alinieleza kwamba ulimwengu unamfikia kwa sauti ya juu sana na yeye hana mahali pa kupunguzia. Hakuzungumza. Kila kifaa nilichotengeneza alikikagua kwa kukilamba, kisha ama alikiweka mapajani ama alikitupa dirishani. Alitupa ubao wangu wa kugusa mara nne. Mara ya tano niliondoa msasa, na akaulalia shavu hadi kengele ilipolia. Hakuna mwalimu amewahi kunisahihisha vizuri namna hiyo.

Nilipandishwa cheo hadi upande wa kadi. Nilichora kwenye vipande vya katoni: kikombe cha maji, mlango wa choo, bakuli la uji, sikio lililozibwa. Mtoto asiyezungumza anakuletea kadi badala ya neno. Kadi ya choo ilituchukua miezi saba, na kwa miezi hiyo saba Anti alifua. Siku Wafula alipoitoa ukutani mwenyewe na kuniwekea mkononi, Anti aliketi kwenye sakafu akafuta macho kwa leso, halafu akanifokea nimwahishe, maana machozi hayazuii mkojo.

Sasa nifike kwa Afisa.

Mara moja kwa mwaka Afisa wa Tathmini alikuja na sanduku. Tathmini ni kupima mtoto anaweza nini na hawezi nini, ili iandikwe akae darasa gani. Nilikuwa Gredi ya Saba, na kwa kuwa nilikuwa na mikono, nilipewa sanduku nilibebe kutoka langoni. Lilikuwa la mbao, na ndani yake kila kitu kilikuwa na kitanda chake: vikombe vitano vya kuingizana, ubao wa maumbo wenye duara, mraba na pembetatu, vigingi vya rangi nne, shanga kubwa na kamba, na kadi sita za picha. Afisa hakuwa mtu mbaya. Aligonga meza mara mbili kwa kalamu, akasema, "Haya, kijana, tuone," na akavitoa vyote kwa mpangilio uleule kwa kila mtoto, mmoja baada ya mwingine.

Wafula alirusha vikombe, akalamba pembetatu, akaingia chini ya meza na kubaki huko.

Mamake alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa mfagiaji wa soko, na alikuja na koti lake la kung'aa, lile la manjano lenye mistari. Watu wake ni wa Magharibi, na alikuwa na desturi ya kusimama wima mbele ya mtu yeyote mwenye faili.

"Mama," Afisa alimwambia, "kwa kazi za sanduku hili, kijana analingana na mtoto wa miaka miwili. Abaki kitengoni. Hapa anafaidika."

"Amefeli?"

"Huu si mtihani, Mama."

"Lakini amefeli."

Afisa aliangalia karatasi zake. Nilimsindikiza Mama Wafula hadi langoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Alitembea haraka, na lile koti likawa linawaka juani kama taa ya kusimamisha magari.

"Majirani wananiuliza yuko gredi gani," alisema. "Nawaambia ya Pili. Wengine wananiomba daftari lake waone mwandiko." Alipunguza mwendo. "Njoki, wewe unakaa naye sana. Kwa vile vitu vya huyo mtu, hawezi kupita hata kimoja?"

"Anaweza, Mama," nilisema. "Apewe muda tu."

Mnajua vile mtihani ulivyo kwetu. Mtihani ukikaribia, kila mtu anaulizana nani ana karatasi. Kuna mjomba wa mtu fulani, kuna simu ya mtu fulani, kuna maswali yameshuka. Hatuulizi mtihani ni wa nini. Tunauliza umepita na ngapi. Basi mimi nilikuwa na karatasi yenyewe kichwani. Nilikuwa nimebeba lile sanduku, nimevishika vitu vyote, na nilikuwa nimeona mpangilio ukirudiwa mara tisa. Nilikuwa kama mtoto wa mpiga chapa.

Nililijenga upya kwa takataka. Ubao wa maumbo nilikata kwenye soli za malapa mawili yaliyochakaa. Vikombe vya kuingizana vilikuwa vifuniko vya chupa za dawa na mikebe, nikatafuta hadi nikapata vitano vinavyotoshana. Vigingi vilikuwa vijiti vya aiskrimu nilivyovipaka rangi, na shanga nilizikunja kwa karatasi za gazeti na gundi ya unga. Kadi nilizichora zikafanana hata na yule mbwa aliyepinda mguu. Katoni ya sabuni ndiyo ilikuwa sanduku, na ndani niligawa vitanda kama vyake. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nasema hivyo bila kujisifu, na mtaona ni kwa nini.

Kila saa ya chakula, Madam akiwa ameenda ofisini kula, naye Anti akiosha vikombe nje, mimi na Wafula tulifanya mtihani. Niligonga meza mara mbili. Nilisema, "Haya, kijana, tuone," kwa sauti ya Afisa, ile nzito ya puani. Mwanzo alikimbia. Baadaye alianza kukaa. Kila alipopatia nilimkandamiza mabega kwa nguvu kwa mikono miwili, maana hicho ndicho alichokipenda duniani, na akirusha nilianza upya tangu kugonga meza. Mwezi wa tatu aliingiza vikombe. Kufikia likizo ya Agosti alikuwa anapita duara, mraba na pembetatu bila kulamba.

Siku moja nilichanganya. Nilitoa shanga kabla ya vigingi. Wafula alizitazama, akanitazama mimi, akaanza kujiuma mkono. Siku nyingine nilimpa vifuniko vitano vipya vya ukubwa tofauti, akavishika kama mtu aliyepewa simu ya mtu mwingine, akaviweka chini. Hapo nilielewa. Nilikuwa nimemsikia Madam mara mia. Nilielewa kabisa, na nikaamua kutochanganya tena.

Afisa alirudi nikiwa Gredi ya Nane. Nilibeba sanduku tena. Mama Wafula alikuwepo, na Mwalimu Mkuu alikuwepo pia kwa sababu siku hiyo kulikuwa na wageni wengine shuleni. Afisa aligonga meza. "Haya, kijana, tuone."

Wafula alikaa. Akaingiza vikombe vitano. Akapachika maumbo. Akapanga vigingi, akatunga shanga, akagusa mbwa, kiti, kikombe, kiatu, ndege, mti. Hakuinua macho. Dakika sita, labda saba. Afisa aliacha kuandika katikati na kuanza kutazama tu.

"Huyu ni yuleyule?" aliuliza.

"Ni yeye," Mama Wafula alisema. Akarudia, kwa nguvu zaidi. "Ni yeye, Mwalimu."

Madam wa Kitengo alisogea mbele. "Afisa, ngoja kidogo. Mpe kitu kingine. Mpe hata vijiko vya Anti avipange."

"Madam, nina sanduku na nina fomu. Naandika nilichokiona."

"Ulichokiona mimi sijawahi kukiona, na nakaa naye kila siku."

"Madam," Mwalimu Mkuu aliingilia, "kwani tunagombana na habari njema? Huyu ni mtoto wa kwanza kutoka kitengo hiki kwenda darasa la kawaida. Tufurahi."

Mama Wafula alipiga vigelegele, mle ndani, nyuma ya vyoo. Wafula aliziba masikio. Madam alinigeukia, na kwa sauti yake ileile ya polepole akaniuliza, "Njoki, umemfanya nini huyu mtoto?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa la maneno mawili na lingechukua sekunde moja.

"Tumecheza tu, Madam," nilisema.

Muhula uliofuata Wafula aliingia Gredi ya Pili. Mwalimu wa Gredi ya Pili alikuwa na watoto zaidi ya sabini, madawati ya kukalia watatu ambayo walikaa watano, na ukuta mmoja tu kati yake na Gredi ya Tatu waliokuwa wakiimba jedwali la kuzidisha. Simlaumu. Alimweka Wafula karibu na yeye kwa siku nne, kisha ikabidi aendelee na kazi. Kadi zake wenzake walizigawana siku ya kwanza wakacheza nazo karata. Bila kadi ya choo alijikojolea, na kwa Jumatano ya wiki ya kwanza alikuwa ameshapewa jina ambalo sitaliandika. Hakukuwa na chupa ya kugeuza wala kona ya kwenda. Kengele ikilia alijiuma mkono palepale pa jana. Nilipita dirishani kwao mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa chini ya dawati. Mara ya pili kiti chake kilikuwa kitupu, na hiyo ndiyo ile Ijumaa ya reli.

Wanaume wawili waliokuwa wakielekea kazini walimkuta akitembea katikati ya reli upande wa Makongeni, akihesabu mataruma kwa miguu, ameziba masikio yote mawili. Angesikiaje gari moshi? Walimrudisha wakiwa wamemshika mmoja huku mwingine kule.

Mwalimu Mkuu alimwita mamake. Nilikuwa nafagia veranda ya ofisi, adhabu nyingine, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama, mimi sitaki kuzika mtoto wa mtu. Akae nyumbani kwanza tukitafuta njia."

"Si arudi kitengoni?"

"Kitengoni nafasi imechukuliwa. Kuna msichana kutoka Njiru, mamake alingoja mwaka mzima. Nimtoe? Na karatasi ya Afisa inasema Wafula ni wa darasa la kawaida. Siwezi kuifuta mimi."

Mama Wafula hakubishana. Alisimama wima hadi mwisho, akasema asante, akatoka. Alinipita pale veranda. "Sasa, Njoki," alinisalimia, kama kawaida, na mimi nikamjibu, "Poa, Mama," na nikaendelea kufagia mahali ambapo nilikuwa nimeshafagia.

Kuanzia hapo alimfungia ndani kwa kufuli alipoenda sokoni. Wangemtazama akina nani? Majirani walijaribu wiki moja, akamuuma mmoja. Nyumba zile za zamani za Kaloleni mnazijua, chumba kina dirisha moja dogo. Njia yangu ya nyumbani inapita hapo. Asubuhi ulisikia akigonga mlango kwa kiganja, taratibu, bila hasira, na mchana ulisikia bado anagonga. Nilianza kuzunguka kupitia ukumbi wa jamii ili nisipite pale. Ni mbali zaidi kwa dakika kumi. Nilizunguka karibu mwaka mzima.

Kitengoni niliendelea kufanya kazi, na nilikuwa stadi, na nilichukia kila kifaa nilichokigusa. Nilimtengenezea yule msichana wa Njiru vitu vingi hadi Anti akaniuliza kama nina deni naye. Mwisho wa Gredi ya Tisa, zikiwa zimebaki wiki mbili nistaafu, nilimwendea Madam akiwa peke yake anapanga mikebe.

"Madam, lile sanduku la Afisa nilitengeneza lingine. Nikamfundisha Wafula."

Hakugeuka. "Liko wapi?"

"Nililichoma."

"Usiniambie mimi. Mimi si mamake."

Nilimkuta Mama Wafula mlangoni kwake Jumamosi jioni, ametoka sokoni, anafua lile koti la kung'aa kwenye karai. Wafula alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa amerefuka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu gumu kama soli. Hakunitazama.

"Mama, ule mtihani nilimvujishia," nilisema. "Vile vitu vyote. Nilimfundisha hivyo tu na si kingine."

Alikamua koti. Alilikamua mpaka halikuwa na maji tena, na bado akaendelea.

"Najua," alisema. "Jioni ileile nilimpa sahani tatu na vijiko vitatu avipange. Aliviangalia tu."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe?"

Alitundika koti kwenye kamba, akamvisha Wafula viatu, akaniambia niandike kila kitu kwenye karatasi na niweke sahihi. Jumatatu tukaenda wote watatu ofisini kwa Afisa.

Afisa aliisoma barua yangu mara mbili. "Unajua umeharibu nini?" aliniuliza.

"Wafula."

"Umeharibu sanduku. Kwa huyu mtoto halipimi tena chochote, na mimi sina lingine." Alimtazama mamake. "Lakini ni muda mrefu umepita. Huenda amesahau. Tujaribu. Akishindwa, nitaandika upya leo leo, na nitaomba aongezwe kitengoni hata kama wamejaa."

Alilifungua mezani. Mama Wafula alikaa pembeni, amefumbata mikono katikati ya magoti, na nikasikia anavyonong'ona. Nilidhani anaomba. Nilipoinama nikasikia vizuri.

"Kosea, baba. Kosea kimoja tu. Kosea, mwanangu."

Afisa aligonga meza mara mbili. "Haya, kijana, tuone."

Uso wa Wafula ulifunguka. Siwezi kuueleza kwa namna nyingine. Kwa mwaka mzima dunia haikuwa imemwambia jambo analolijua, na sasa imemwambia. Alivuta kiti mwenyewe. Aliingiza vikombe, akapachika maumbo, akapanga vigingi, akatunga shanga bila kuangusha hata moja. Alipofika kwenye kadi hakungoja kuulizwa. Mbwa, kiti, kikombe, kiatu, ndege, mti. Kisha akavirudisha vyote kwenye vitanda vyake na kuanza tena.

Hakuna aliyemsimamisha. Alifanya mara tatu.

"Hata angekosea," Afisa alisema mwishowe, "ningejuaje kwamba hamkumfundisha kukosea?" Hakusema kwa ubaya. Alisema ataandika kwa wakubwa aombe apimwe kwa njia nyingine, na kwamba barua yangu ataiambatisha, na kwamba itachukua muda. Hadi leo ninapoandika haya, hawajajibu.

Watu wakistaafu huulizwa wamejifunza nini, na wao husema mambo ya bidii na nidhamu. Mimi nawaambia mtakaonirithi beseni hili: kitengeneze kifaa kwa chochote utakachookota, lakini kabla hujampa mtoto, jiulize ni nani anayekihitaji. Kadi ya choo ilikuwa ya Wafula. Vikombe vitano vilikuwa vya mamake, na vya Mwalimu Mkuu, na zaidi vilikuwa vyangu, niliyetaka kuonekana nimemshinda mtu mwenye sanduku. Na kama umeshakosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado ni aibu yako peke yako.

Tulitoka pale tukasimama kando ya barabara kungoja kuvuka. Wafula alikuwa ametulia, bado vidole vyake vinatunga shanga hewani. Mama Wafula alimshika upande mmoja. Aliangalia magari, hakuniangalia mimi.

"Nasikia unaenda shule ya upili."

"Ndiyo, Mama. Huku nimestaafu."

"Sijakusamehe, usidhani," alisema. "Lakini Jumamosi nafagia soko mpaka saa nane, na nimechoka kumfungia na kufuli. Uje saa moja. Usimletee kitu. Uje ukae naye tu."

Kisha magari yakapungua, akaninyooshea mkono wa pili wa Wafula niushike, tukavuka.